Mtaalamu Aliyefuta Salamu

Kitu cha kwanza Paskazia alichokiona kwa Theonest Jilala, hata kabla ya kuuona uso wake, kilikuwa saa za mkono. Zilikuwa mbili! Moja mkono wa kushoto, nyingine mkono wa kulia, na zote zilifungwa juu ya mikono ya shati ili jua lisipate taabu ya kuzitafuta.

"Ya kushoto inasoma saa za Shinyanga," alieleza kijana huyo kabla ya kuulizwa, na kabla ya kusalimia. "Ya kulia inasoma saa za Dar es Salaam."

Paskazia alizikagua. Zote zilisema saa mbili na robo.

"Mbona zinalingana?"

"Unaona sasa?" alijibu Theonest kwa fahari. "Ni saa nzuri sana hizi."

Hapo ndipo Paskazia alipojua kwamba msimu wa pamba wa mwaka ule wa 1972 ungekuwa mrefu.

Paskazia, ambaye wote walimwita Mama Limi kwa jina la binti yake, alikuwa opereta wa simu katika makao makuu ya Chama cha Ushirika cha Jembe Moja, mjini Shinyanga. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa mbele ya swichibodi ileile, sanduku refu la mbao lenye matundu na vifuniko vya chuma. Simu ikiingia, kifuniko kilianguka tak! Paskazia alichomeka plagi, akauliza, akachomeka nyingine, watu wakaongea. Alikuwa anaifahamu swichibodi ile kuliko alivyomfahamu mumewe, na ilimsikiliza zaidi.

Jembe Moja kilikuwa na waya zake chenyewe. Ukitaka kuuelewa mtandao huo, chora pembetatu mchangani. Pembe ya kwanza ni Shinyanga, ya pili Kagongwa, ya tatu Mwanza. Kati ya pembe na pembe palipita waya mbili. Halafu, nje ya pembetatu, weka kijiwe: hicho ni Geita. Geita ilifungwa kwa waya mmoja tu hadi Kagongwa, na mmoja tu hadi Mwanza. Kutoka Shinyanga hapakuwa na waya wa kufika Geita moja kwa moja. Ilibidi upite kwa wenzako, uombe njia.

Na kila mtu alitaka Geita! Huko ndiko kulikuwa na ghala kubwa, na huko ndiko malori yalikopotelea. Mwezi wa Julai ulipoingia, simu zilipanga foleni kama wagonjwa. Lori limefika? Magunia yapo? Turubai ziko wapi? Kwenye benchi la ofisi alikaa kutwa Bwana Firoz Kanji, aliyekikodisha chama malori saba, akiwa na chupa yake ya chai na sura ya mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Mama Limi, zamu yangu bado?"

"Bado wanne, Bwana Firoz."

"Jana nilikuwa wa nne. Leo pia ni wa nne. Mimi ni wa nne wa kudumu?"

Basi Kamati Kuu ya chama ikaamua kwamba msongamano huo unahitaji mtaalamu. Wakamchukua Theonest, aliyekuwa karani wa mizani vijijini, wakampeleka kozini Dar es Salaam kwa wiki sita. Alirudi na cheti, saa ya pili, na desturi mpya: kila alipotamka "nilipokuwa kozini" alinyamaza kidogo, kama mtu anayeacha nafasi ya makofi.

Mwenyekiti wa chama, Mzee Bujiku, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja ofisini, akasimama mlangoni, akasema:

"Nafasi ya Msimamizi wa Mawasiliano iko wazi. Ina pikipiki. Ndugu Theonest, una siku nane. Alhamisi ijayo saa nne asubuhi nitakuja hapa, niombe simu ya Geita. Ikipatikana ndani ya dakika tano, wewe ndiye Msimamizi. Isipopatikana, nitajua la kufanya."

Paskazia aliinamia plagi zake asionekane uso. Nafasi hiyo alikuwa ameiomba mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa avute subira. Mara ya pili hakuambiwa kitu, akaendelea na subira ileile ya mwanzo.

Theonest yeye hakungoja Alhamisi. Jioni hiyohiyo aliwaandikia wakwe zake barua, akaitia sahihi "Msimamizi", na chini yake akachora pikipiki.

Asubuhi iliyofuata, saa moja na nusu, alimkuta Paskazia amechomeka plagi zote kwa pamoja na anacheka peke yake.

"Mwangaluka!" Paskazia alikuwa anasalimia kwa Kisukuma. "Mhola? Mhola! Na mama wa hapo nyumbani? Goti lake? Eh! Na yule ng'ombe mtamba mwenye uso mweupe, amezaa?"

"Unaongea na nani?" aliuliza Theonest.

"Na wenzangu wote. Kila asubuhi tunasalimiana kabla ya kazi. Selestine wa Kagongwa, Bhoke wa Mwanza, na Mzee Mageni wa Geita."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka tumalize. Kama dakika ishirini."

Theonest alizitazama saa zake zote mbili kwa uchungu.

Hapa lazima Mzee Mageni aelezwe. Huyu alikuwa mtu mzima aliyeishi na simu tangu enzi ambazo watu waliivulia kofia. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa na sharti moja tu: hakumpitisha mtu ambaye hawajasalimiana. Na Usukumani salamu si neno unalolitupa huku unatembea! Kumsalimia Mzee Mageni kulikuwa kama kuvuka mto wakati wa masika. Unaingia taratibu, unasimama katikati, unatafuta pa kukanyaga, unasonga, na ukifika ng'ambo unageuka kuhakikisha kwamba yeye naye amevuka. Aliuliza habari za watoto mmoja mmoja, kwa majina. Aliuliza habari za ng'ombe, nao kwa majina. Akimaliza, naye alitaka kuulizwa.

Lakini ukishamsalimia mara moja asubuhi, kutwa nzima alikuwa kama mafuta. "Geita, nipe ghala." "Chukua!" Sekunde tatu.

Theonest hakuyajua haya, kwa sababu hakuyauliza. Alichukua chaki, akaenda kwenye ukuta, akapiga hesabu kwa sauti.

"Dakika ishirini! Maopereta wanne! Siku mia moja za msimu! Jumla dakika elfu nane. Mama Limi, kwa dakika elfu nane mtu anajenga daraja!"

"La kwenda wapi?"

"Daraja lolote! Kuanzia leo salamu za asubuhi zimefutwa."

Paskazia alidhani ametania. Theonest alikuwa tayari anabandika ukutani karatasi kubwa iliyojaa mishale, myekundu, ya bluu na ya kijani. Ilifanana na ramani ya vita iliyochorwa na jenerali mwenye homa.

"Nilipokuwa kozini," alisema, akanyamaza kidogo, "nilijifunza kwamba simu ni maji. Maji yakikuta jiwe hayakai foleni. Yanazunguka! Basi hii ndiyo Sheria ya Jirani. Njia ikiwa imeshikwa, ni marufuku kumwambia mteja asubiri. Msukume kwa jirani. Jirani naye akikuta njia imeshikwa, amsukume kwa jirani yake. Simu haisimami!"

Paskazia aliitazama pembetatu. Aliitazama tena.

"Na jirani wa jirani wa jirani ni nani?"

"Ndio uzuri wa mtandao, Mama Limi! Kila mtu ana jirani."

"Nakuuliza ni nani."

"Maswali hayo," alisema Theonest kwa upole wa daktari anayezungumza na mgonjwa, "ni ya mtu ambaye hakwenda kozini."

Amri ikatumwa Kagongwa na Mwanza. Geita nayo ikapelekewa taarifa, kwa barua ndani ya lori.

Siku ya kwanza foleni ilikwisha! Kitabu cha wanaosubiri kilibaki kitupu, cheupe, kama shati la Komunyo ya Kwanza. Theonest alikizungusha ofisi nzima kumwonyesha kila mtu kurasa ambazo hazikuandikwa kitu.

"Bwana Firoz! Foleni iko wapi?"

Bwana Firoz alikuwa amesimama kwenye kona, ameshika mkono wa simu sikioni, jasho linamtoka.

"Sijui. Mimi nipo njiani."

"Unaona! Husubiri tena!"

"Ndugu yangu, zamani nilisubiri nimekaa, nakunywa chai. Sasa nasubiri nimesimama, na mikono yote ina kazi. Saa nzima nasukumwa! Wa Kagongwa amenisukuma, wa Mwanza amenisukuma. Katika maisha yangu sijawahi kusukumwa hivi, hata sokoni."

"Lakini hukuandikwa kwenye kitabu?"

"Sikuandikwa."

"Basi husubiri," alisema Theonest, akaenda zake.

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu, mpaka ya saba. Kila aliyeomba Geita alimkuta kwanza Mzee Mageni, na Mzee Mageni, ambaye sasa hakusalimiwa na mtu asubuhi, alimsalimia kila mteja mmoja mmoja. Karani aliyetaka kuuliza idadi ya magunia alijikuta anaeleza habari za shangazi yake. Waya mbili za Geita zilishikwa tangu asubuhi mpaka jioni, na simu nyingine zote zilisukumwa huku na huku kwa mujibu wa Sheria.

"Bwana Theonest," alisema Paskazia siku ya saba, "turudishe salamu. Hata dakika kumi tu."

"Kesho ndiyo Alhamisi, Mama Limi. Usinitie mkosi." Kisha aliinama karibu, akanong'ona kama mtu anayetoa siri ya jeshi. "Kesho nimepanga jambo. Saa tatu na nusu nitawaamuru Selestine na Bhoke, kila mmoja kwa waya wake, ampigie Mzee Mageni amkumbushe kwamba saa nne asizishike njia. Zibaki wazi kwa ajili ya Mwenyekiti!"

Paskazia alifungua mdomo. Alimtazama kijana yule alivyong'aa, akaufunga. Kuna mambo ambayo mtu akiambiwa hasikii. Inabidi ayapigie simu mwenyewe.

Alhamisi saa nne kamili Mzee Bujiku aliingia. Nyuma yake aliingia Bwana Firoz, ambaye hakualikwa, lakini alikuwa na chai na hakutaka kukosa.

Theonest alivaa tai. Alikuwa amevaa pia visikizi vipya alivyotoka navyo kozini, vyenye mito minene kama matonge ya ugali, vilivyoyafunika masikio yake yote mawili asisikie chochote isipokuwa waya. Alikuwa amegeuza kiti akauangalia ukuta wenye mishale, ili Mwenyekiti amwone anavyofanya kazi kwa kufuata ramani. Nyuma ya mgongo wake, hatua moja na nusu, alikaa Paskazia kwenye upande wa pili wa swichibodi.

"Nipatie ghala la Geita," alisema Mzee Bujiku, akatoa saa yake ya mfukoni.

Theonest alichomeka plagi kwa madaha, kama padre anayewasha mshumaa.

"Kagongwa! Hapa Shinyanga. Simu ya Mwenyekiti. Nipe Geita!"

"Geita imeshikwa," ilijibu sauti ya Selestine, opereta wa Kagongwa.

"Imeshikwa na nani?"

"Na mimi! Si uliniambia nimpigie Mzee nimkumbushe? Hajanisikia bado. Wiki nzima hakusalimiwa, ndugu yangu! Sasa hivi ndiyo tuko kwa mjomba wangu wa pili."

"Basi tumia Sheria!"

"Haya, nakusukuma Mwanza."

Krr! Krr!

"Mwanza!" ilisema sauti kali ya Bhoke. "Geita imeshikwa! Ninayo mimi, Mzee ananiuliza mahari ya dada yangu ilikuwa ng'ombe wangapi. Nakusukuma!"

Krr! Krr!

Tak! Mbele ya Paskazia kifuniko cha waya wa Mwanza kilianguka. Alichomeka plagi yake.

"Shinyanga," alisema.

"Nipe Geita haraka!" ilifoka sauti ndani ya kisikizi chake.

Paskazia alishtuka. Sauti ile ilikuwa imemwingia mara mbili: sikio la kushoto kwa njia ya waya, nyembamba kama mbu, baada ya kupita Kagongwa na Mwanza, na sikio la kulia kwa njia ya hewa, nene, kutoka hatua moja na nusu.

Aligeuza shingo polepole. Mgongo wa Theonest ulikuwa palepale.

"Hapa ni Shinyanga," alisema tena Paskazia, taratibu, ili aeleweke.

"Shinyanga ni mimi!" alipiga kelele Theonest akiuangalia ukuta. "Wewe ni nani?"

"Ni Paskazia."

"Paskazia gani?"

"Wa Shinyanga."

"Acha uongo! Paskazia wa Shinyanga yuko hapa nyuma yangu, namfahamu, mwanamke mwenye maswali mengi!"

Mzee Bujiku alikuwa amesimama mahali ambapo aliwaona wote wawili. Masharubu yake yalianza kucheza. Paskazia alimtazama kama anayeuliza afanyeje, na mzee akazungusha kidole hewani: endelea.

"Basi, ndugu mpigaji," alisema Paskazia kwa sauti ya kazi, "kutoka hapa nilipo, Geita haipatikani. Kwa mujibu wa Sheria ya Jirani, nikusukume?"

"Nisukume! Angalau wewe unaijua Sheria!"

Paskazia alimsukuma Kagongwa kwa waya wa pili.

"Aka!" alisema Selestine. "Wewe tena? Umetokea wapi upande huu? Nilikuaga kule!"

"Nisukume!"

"Mwanza! Mh, sauti hii naijua," alisema Bhoke. "Kaka, umepotea?"

"Nisukume, nakwambia!"

Tak! Kifuniko cha pili cha Mwanza kilianguka mbele ya Paskazia.

"Shinyanga," alisema.

"Ah! Ni wewe tena, mkaidi!"

Bwana Firoz alikuwa amehesabu vifuniko kwa kidole. Alisogea karibu na Mzee Bujiku.

"Ndugu Mwenyekiti, waya zote za chama sasa zimejaa. Hata mmoja haukubaki. Nani anaongea?"

"Theonest."

"Anaongea na nani?"

"Anaongea na njia yake yote," alisema Mzee Bujiku. "Kutoka hapa mpaka hapa."

Alitembea mpaka kwenye kile kiti, akamgusa Theonest begani. Theonest aliruka, akavuta kisikizi kimoja pembeni.

"Ndugu Mwenyekiti, dakika moja tu! Nimemkuta opereta mmoja mwanamke, mbishi, hana adabu ya kazi, na anajifanya yuko Shinyanga. Naomba leo hii aandikiwe barua ya onyo!"

"Geuka."

Theonest aligeuka.

Paskazia alikuwa amekaa wima, kipaza sauti mdomoni, macho yakimtazama bila chuki.

"Shinyanga," alisema kwa upole. "Unanisikia?"

Sauti ilimwingia Theonest mara mbili. Sikio lililokuwa wazi liliipata kwanza. Alitazama waya kutoka mkononi mwake hadi kwenye tundu la Kagongwa. Akatazama kutoka tundu la Mwanza mpaka kwenye mkono wa Paskazia. Aliutazama ukuta wenye mishale. Mshale mwekundu ulitoka Shinyanga, ukapita, ukapita, na kwa mara ya kwanza aliona ulipoishia.

Saa ya Mzee Bujiku ilisema saa nne na dakika ishirini na tatu. Za Theonest zilikubaliana nayo, zote mbili.

Hakuna aliyecheka. Bwana Firoz alijaribu kunywa chai, ikampalia.

"Mama Limi," alisema Mzee Bujiku, "nataka Geita."

Paskazia alichomoa plagi zote, moja baada ya nyingine, swichibodi ikabaki kimya kama darasa baada ya likizo kuanza. Kisha alizichomeka zote kwa pamoja.

"Jamani, mwangaluka!"

"Mwangaluka, Mama Limi!" zilijibu sauti tatu, na ya nene kuliko zote, ya Mzee Mageni, ilitetemeka kwa furaha. "Mlipotelea wapi? Nilidhani mmekufa wote, nikasema hata kuniarifu! Mhola?"

"Mhola, Mzee wangu. Goti la mama?"

"Linaelekea pazuri. Na mtamba amezaa! Nani mwingine yuko hapo? Nasikia mtu anapumua."

"Mwenyekiti."

"Mpe nimsalimie!"

Mzee Bujiku, mwenyekiti wa wakulima elfu kumi na mbili, aliinama akasalimiwa. Alijibu habari za watoto wake sita, kwa majina. Theonest alisimama pembeni ameshika tai yake, kama mtu aliyealikwa kwenye arusi ya watu asiowafahamu.

"Kivuko cha huku kimeharibika tangu wiki iliyopita," aliendelea Mzee Mageni, katikati ya salamu. "Malori mawili ya Bwana Firoz yamelala ng'ambo, madereva wazima, wamechinjiwa mbuzi. Watavuka kesho. Na ninyi wa Mwanza, msinipigie kabla ya saa sita, mhasibu wangu ataushika waya huo. Pitieni Kagongwa."

"Sawa, Mzee," alisema Bhoke.

"Nitaacha njia wazi," alisema Selestine.

Bwana Firoz alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Malori yangu! Siku nane nasukumwa kutafuta habari hiyo! Kumbe ilikuwa ndani ya salamu?"

Dakika kumi na nane zilipita. Halafu Paskazia akasema: "Geita, nipe ghala." "Chukua!" Sekunde tatu. Mzee Bujiku aliongea, akaaga, akarudisha saa mfukoni.

Alimgeukia Theonest. Kijana alikuwa ameshaanza kuvua tai.

"Siwezi kukurudisha kwenye mizani," alisema mzee. "Chama kimekusomesha. Na moyo wa kazi unao, ila unauwahisha. Msimamizi wa Mawasiliano ni Mama Limi, na pikipiki ni yake. Wewe utakwenda Mhunze. Wiki hii tumefikisha waya huko."

"Waya ngapi, Ndugu Mwenyekiti?"

"Mmoja. Utakuwa opereta mkuu wa Mhunze."

Macho ya Theonest yalipata uhai kidogo. "Nitawaongoza wangapi?"

"Utajiongoza," alisema mzee.

Kabla hajapanda lori la kwenda Mhunze, Theonest alirudi ofisini, akasimama mbele ya Paskazia na sanduku lake kichwani.

"Shikamoo, Mama Limi," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Marahaba, mwanangu. Fika salama. Waya ukishakazwa, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukupigia. Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi jioni."

"Saa kumi kamili?"

"Kamili."

Mhunze walimpokea vizuri. Walimpa chumba cha pembeni kwenye ghala la chama, meza moja, na juu ya meza simu nyeusi yenye mpini wa kuzungusha. Theonest alitangaza kwamba ametumwa kufungua Kanda ya Mashariki. Aliifuta simu ile asubuhi, mchana na jioni. Habari ya Jumamosi aliitangaza sokoni, mnadani, na Jumapili nje ya kanisa.

Jumamosi ilipofika, watu walianza kuingia tangu saa nane, kila mmoja na kigoda chake. Walikuja wazee wenye mikongojo. Walikuja akina mama wenye watoto mgongoni. Mtu mmoja aliingia na baiskeli yake, akakataa kuiacha nje isije ikakosa kusikia. Theonest alivaa tai. Alikuwa ameandika maneno ya kujibu kwenye kikaratasi, akayafuta, akayaandika upya, na kila yalivyozidi kufutwa yalizidi kuwa machache.

Saa kumi kasoro dakika tano ghala zima lilinyamaza. Mama mmoja muuza karanga, aliyekaa mbele kabisa, alikuwa ameufuata waya kwa macho kutoka dirishani hadi mezani.

"Mwalimu," aliuliza, "hiyo simu ikishaingia hapa, inapitia wapi kuendelea?"

Theonest aliutazama waya ule mmoja, mwembamba, uliokuja peke yake kutoka Shinyanga.

"Haiendelei, mama," alisema. "Inaishia kwangu."

Akavuta kiti karibu na meza, akaweka mkono juu ya simu bila kuinyanyua, na watu wote wa Mhunze wakavuta vigoda vyao naye.